Mama Shikeni: Miaka Thelathini na Miwili Mbele ya Wageni wa Bustani ya Miti

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, lango litakapofungwa saa kumi na nusu jioni, mwongoza wageni mkuu wa Bustani yetu ya Miti atakabidhi funguo za banda la mafunzo, kofia ya kazi, na ile filimbi aliyopewa siku ya kwanza ambayo hakuna anayekumbuka kumsikia akiipuliza. Atakuwa ametumika miaka thelathini na miwili na miezi minne. Daftari la ziara linasema ameongoza makundi elfu tisa na ushei. Watu waliokuwamo ndani ya makundi hayo hakuna aliyewahesabu, ila ukitembea naye mjini utachelewa, kwa sababu kila hatua kumi kuna mtu anamsalimia na kumwuliza kwa nini mlimau wake hauzai.

Jina lake la kuzaliwa limo kwenye faili la utumishi na halitoki humo. Hata karani wa mishahara ameandika kwa penseli pembeni: Mama Shikeni. Wafanyakazi wapya hudhani ni jina la mtoto wake wa kwanza. Siyo, na kwa faida yao tueleze.

Alipoajiriwa alikuwa msichana wa kukata tiketi dirishani. Enzi hizo bustani ilikuwa na vibao vingi kuliko miti: Usiguse, Usichume, Usikanyage, Usiketi. Mgeni mmoja alipata kusema kwamba kilichobaki ni kuandikiwa Usipumue. Mwongoza wageni wa wakati huo, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, lakini alitembea mikono nyuma akisoma vibao kwa sauti, mti baada ya mti, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Siku moja mafua yalimkaba akakosa sauti kabisa, na langoni palikuwa na wanafunzi sitini na wanne waliokwisha kushuka kwenye basi. Mkurugenzi akatazama kushoto, akatazama kulia, akamwona msichana wa tiketi.

Alikuwa amevisoma vibao vyote wakati wa chakula cha mchana, lakini majina ya kitaalamu yalimpiga chenga. Alipofika kwenye mdalasini maneno yakamwishia. Watoto wanamtazama, mwalimu wao anamtazama. Akachuma jani, akalifikicha, akawanyooshea, akasema neno moja tu: shikeni. Watoto sitini na wanne wakalishika jani, wakalinusa, wakaanza kuulizana mbona linanuka kama chai ya nyumbani. Ziara iliyopangiwa dakika arobaini ilichukua saa mbili. Wiki iliyofuata shule ile ikaandika barua kuomba tena ziara, na ikataja bayana kwamba inamtaka yule dada wa shikeni. Dirisha la tiketi likatafutiwa mtu mwingine.

Baadaye alipelekwa kusoma cheti cha elimu ya mimea kwa miezi tisa, akarudi na majina yote ya kitaalamu, na hajawahi kumtisha mgeni nayo. Mumewe, ambaye sisi wote twamwita shemeji, ni fundi cherehani. Alimshonea mkoba wa turubai wenye mifuko kumi na miwili, kila mfuko na kitu chake: ganda, mbegu, utomvu uliokauka, jani la kunusa, jani la kuwasha. Shemeji husema nyumbani kwao ukitaka sukari lazima ufungue makopo matano, kwa kuwa manne ya kwanza yana mbegu. Binti yao aliwahi kupika uji kwa kile alichodhani ni ulezi. Walikula wote, wakasifia, na siku mbili baadaye mama mtu akawa anatafuta mbegu zake za mchicha.

Kipaza sauti hakukitaka kamwe. Alisema mtu akitaka kusikia atasogea, na akisogea ataona. Mkaguzi mmoja kutoka makao makuu alikuja akiangalia saa, akatangaza ana dakika ishirini. Aliondoka saa tisa alasiri, viatu vimejaa udongo, mfukoni ana maganda ya mbegu ya kumpelekea mkewe, na chakula alichoandaliwa kimepoa mezani. Ripoti yake ilikuwa fupi: aliomba choo cha wageni kirekebishwe, na mwongoza wageni aachwe afanye anavyojua.

Walipokuja kwa mara ya kwanza wageni wasioona, aliomba wiki moja ya matayarisho. Tulidhani anaandika maelezo. Kumbe kila asubuhi kabla ya saa mbili alikuwa akivua viatu, anajifunga kitambaa machoni, anatembea njia nzima kwa nyayo na viganja. Aliumia kidole gumba cha mguu, na mzizi uliomuumiza ndio aliowaonya wageni wake kwanza. Njia ile tuliyoifungia kamba ya kujiongozea tangu siku hiyo ndiyo inayotembelewa sasa na watu wa kila aina, wenye kuona na wasioona.

Hayo yote yangetosha kumpa mtu heshima yake. Lakini anayeandika maneno haya ni mkuu wa kitalu, na kuna jambo moja ambalo mimi ndiye ninayepaswa kulisimulia, kwa sababu kosa lilikuwa la kwangu vilevile.

Ulikuwa mwaka wake wa kumi na nne. Karibu na tangi la maji palikuwa na mti mkubwa wenye kivuli kizuri, na kibao chake kilisema: Mwarobaini. Kiliwekwa kabla yetu sote. Kila ziara ilisimama pale, Mama Shikeni akaeleza sifa za mwarobaini, na mimi kitaluni nikaotesha mbegu za mti huo kwenye viriba na kuwagawia watu miche. Kwa miaka saba niliitoa, na kila aliyechukua niliandika jina na mtaa wake daftarini.

Asubuhi ya Jumanne mama mmoja mfuga mbuzi aliingia ofisini na tawi ndani ya mfuko. Alikuwa amepanda miche yetu miwili kando ya zizi miaka mitano kabla, apate kivuli. Mwaka ule ilizaa sana, matunda ya manjano yakadondoka zizini, mbuzi wakayala. Wawili walikufa na wa tatu alikuwa amelala hainuki. Daktari wa mifugo alimwambia kwamba mti ule si mwarobaini hata kidogo. Ni mmelia, jamaa yake wa karibu, na matunda yake ni sumu. Yule mama hakupiga kelele. Aliliweka tawi juu ya meza, akamtazama Mama Shikeni.

“Mwalimu, mimi sijui kusoma miti. Wewe ndiye uliyeniambia huu ni wa dawa.”

Mama Shikeni alimwomba aketi, akamletea maji, kisha akatoka na lile tawi. Alikwenda hadi uani mwa kanisa la jirani, ambako kuna mwarobaini usio na shaka, akaomba kijiti kimoja. Aliporudi aliyalaza majani yote mawili mezani, bega kwa bega. Hapo hata kipofu angetofautisha. La mwarobaini lina kikonyo kimoja, na vijani vimejipanga huku na huku. La mmelia kikonyo chake kinatoa matawi madogo, na matawi hayo ndiyo yanayobeba vijani. Kisha akakumbuka maua. Mti wetu ulichanua zambarau kila mwaka, nasi sote tulikuwa tunajua vitabuni kwamba mwarobaini huchanua meupe. Wageni walipouliza, tuliwaambia huu wetu ni wa aina yake.

Tulikaa kikao mchana uleule, watu watano. Mkurugenzi wa wakati huo alikuwa muungwana, na alihofia jina la bustani. Alisema yule mama apewe pole na mbuzi wengine, na mengine yaishie hapo, kwa kuwa mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Mimi niliunga mkono. Zaidi ya hapo, mimi ndiye niliyependekeza kibao kibadilishwe Jumapili, siku ambayo hapana wageni. Naliandika hili kwa hiari yangu, asije mtu akadhani mashujaa walikuwa wawili.

Mama Shikeni alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia mkurugenzi kwa adabu kabisa kwamba kuchutama ni sawa, ila mtu aliyechutama hawezi kutembea, na hapa pana safari. Akanigeukia akaniuliza daftari la miche liko wapi.

“Mche uliotoka mikononi mwetu,” akasema, “tuufuate kwa miguu yetu.”

Kesho yake asubuhi kulikuwa na kundi la wageni thelathini. Nilisimama nyuma ya tangi nisikie atasemaje. Aliwafikisha chini ya mti, akawaonyesha matawi mawili, akawaambia tofauti zake ni zipi. Kisha akasema, sauti ileile anayotumia siku zote:

“Kwa miaka kumi na minne nimewaambia watu uongo mahali hapa bila kujua. Kibao kilisema hivi, nami nikaamini kibao kuliko macho yangu. Nisameheni. Sasa shikeni yote mawili, mjue wenyewe, asiwadanganye mtu tena, hata mimi.”

Mzee mmoja wa kundi lile akavua kofia. Wengine wakaanza kusogea wakanyoosha mikono.

Daftari langu lilikuwa na majina mia moja sitini na tatu. La kwanza alilolitaka ni zahanati iliyopanda miche minne mbele ya chumba cha kusubiria, ambako wagonjwa huketi na watoto. Tulikwenda siku hiyohiyo. Baada ya hapo ilikuwa kila Jumatatu, Jumatano na Alhamisi baada ya ziara za mchana, kwa miezi minne. Mimi nasukuma mkokoteni wenye miche ya mwarobaini wa kweli, yeye mbele na daftari. Akifika mlangoni anapiga hodi, anajitaja, anasema tulikupa mche huu kimakosa, tumekuja kuubadilisha, na shimo tutachimba sisi.

Yalitupata mengi. Mbwa walitufukuza mitaa miwili mizima. Wengine walitupokea kama ndugu, wakatukalisha. Wengine walitutolea maneno ambayo siwezi kuyaandika katika jarida la wafanyakazi. Muuza nyama mmoja alimtaka arudie maelezo mbele ya wateja wote waliokuwa kwenye foleni, kwa dhamira ya kumwaibisha. Alirudia, tena polepole, akatoa majani mkobani akayapitisha foleni nzima, na tulipoondoka watu sita wa foleni ile walikuwa wameshauliza ziara ni saa ngapi. Kaya hamsini na nane tulizikuta miche ilishakauka zamani, na wenyewe wakashukuru uvivu wao wa kumwagilia. Watu kumi na mmoja walikuwa wamehama na hatukuwapata, ingawa mpaka leo akisikia fununu yuko tayari kufunga safari. Tisini na tatu walibadilishiwa.

Amebaki mmoja ukihesabu. Huyu alikuwa dereva wa treni mstaafu, nyumba ya kona, ua umefagiliwa mpaka unang'aa. Mmelia wake ulikuwa umeshapita paa. Alitusikiliza, akatikisa kichwa.

“Huu aliupanda marehemu mke wangu, mwezi uleule aliofariki. Mkitaka kuung'oa, anzeni na mimi.”

Mimi nilianza kumweleza habari za sumu. Mama Shikeni akanigusa mkono ninyamaze, akaketi kizingitini, akamwuliza mzee mkewe alikuwa mtu wa namna gani. Walizungumza mpaka jua likapungua. Mwishoni walipatana hivi: mti ubaki. Mzee hana mifugo, ila majirani wana watoto wadogo, kwa hiyo kila mwaka matunda yakianza kuwa manjano tutakuja na ngazi na wavu, tuyachume yote kabla hayajadondoka. Nilidhani ni ahadi ya kumtuliza mzee. Amekwenda kila mwaka kwa miaka kumi na minane. Mwaka mmoja alikwenda mkono ukiwa kwenye bandeji, akasimamia chini huku shemeji akipanda ngazi na kulalamika kwamba alioa mwalimu, hakuambiwa ataoa na mti wa watu. Yule mzee alipofariki, Mama Shikeni aliketi na wafiwa, katika safu ya mabinti.

Sasa yaliyotokana na safari zile. Katika nyua zile mia moja na ushei tuliona jinsi watu wanavyopanda: mti chini ya nyaya za umeme, mti umebanwa na ukuta, shimo la kiganja kimoja, maji yanamwagwa saa saba mchana jua likiwa utosini. Hakuna aliyewafundisha, maana sisi tuliwapa miche tu na kuwafungia lango. Mama Shikeni akaandika pendekezo la kurasa mbili, nalo ndilo lililozaa darasa la Jumamosi la bustani za nyumbani. Darasa la kwanza lilikuwa na watu saba. Siku hizi tunaweka viti arobaini na bado wengine husimama. Watu huja na udongo wao kwenye makopo, majani yao yenye madoa, na ugomvi wao na jirani juu ya tawi lililovuka ukuta, na yote hupata majibu.

Somo la mimea na mifugo, linalofundishwa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, hufundishwa na yule mama mfuga mbuzi. Aliombwa na Mama Shikeni mwenyewe. Alikataa mara mbili, akisema yeye hajasoma. Mara ya tatu akaja. Sijawahi kumsikia akitamka kwamba ametusamehe, lakini kwa miaka kumi na saba hajakosa somo lake isipokuwa siku alipomwoza binti yake, na harusini meza ya mbele alikaa Mama Shikeni.

Wageni tuliohofia kwamba watatukimbia waliongezeka. Mkurugenzi yuleyule, kabla hajastaafu, aliagiza miti yote mia nne na kumi na miwili ihakikiwe upya, na akasema mbele ya wafanyakazi kwamba bila Mama Shikeni angechutama mpaka leo. Uhakiki ulichukua miaka miwili. Yaligunduliwa makosa mengine kumi na moja, na kila moja lilitangazwa ubaoni langoni. Ule mmelia wa tangi bado upo, na uzio wake, na kibao chake cha haki. Tangu hapo kila mwongoza wageni mpya hufanya mtihani wa kwanza vibao vikiwa vimefunikwa kwa magunia.

Amepokea tuzo tatu na hakuna hata moja iliyoning'inizwa. Shemeji anasema moja inazuia mlango wa jikoni usigonge. Amewafundisha waongoza wageni kumi na wanane, na wanne kati yao leo wanaongoza bustani kubwa kuliko yetu. Amegombana na kila mkuu wa kitalu aliyepita hapa, nami nikiwamo, hasa juu ya maji, na katika ugomvi huo nakiri nimeshinda mara moja, mwaka ambao alikuwa likizo.

Matunda ya nyumba ya kona yataanza kuwa manjano baada ya miezi miwili. Familia ya marehemu imeshaambiwa kwamba mwaka huu nitakuja mimi na ngazi, na nitakuja kila mwaka mpaka nami zamu yangu ya kuandikiwa wasifu ifike.

Sherehe itakuwa chini ya miembe ile ya upande wa mashariki, saa tisa alasiri. Kamati ilimwuliza angependa zawadi gani. Tulitarajia atataja kitu cha nyumbani. Alisema anataka Jumamosi ya kwanza ya ustaafu wake aje kama mgeni, apange foleni dirishani, akatiwe tiketi, na atembezwe bustani nzima na mrithi wake, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuja kwetu. Mrithi huyo alipopata habari hizo hakula mchana.

Mama Shikeni, kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa ofisini, wa kitaluni na wa langoni, tunakushukuru. Tulikuja kazini kulinda miti isiguswe na watu, ukatuonyesha kwamba kazi yetu ni watu. Nenda ukapumzike na shemeji, na makopo yako, na wajukuu watakaokula uji wa mbegu. Afya ikae nawe, miguu isikuchoke, na kila ulichokipanda kikuone ukipita.

Na Jumamosi hiyo utakapokuwa nyuma ya kundi na tiketi yako mkononi, ukisikia tumetaja mti sivyo, usituonee haya wala usisubiri watu waondoke. Tusahihishe palepale, mbele yao.